Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya majaruba ya Hungduan

Waheshimiwa wakuu wa Wizara ya Kilimo ya Ufilipino, waheshimiwa viongozi wa Jimbo la Ifugao na wa mji wa Hungduan, pamoja nanyi watumishi wa UNESCO na FAO mlioshikishwa urithi huu,

Shikamooni.

Mimi ni mtoto wa mkulima kutoka Uru Shimbwe, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, Tanzania. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kulisemea jambo hili bila kumeza neno, na kwa sababu nataka watu wa kwetu nao walisikie. Wa kutafsiri atapatikana.

Kinachonipa haki ya kusema ni kwamba sisi na watu wa Ifugao tumeandikwa kwenye daftari moja. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu na ule wa majaruba ya Ifugao kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Kwetu ni migomba, kahawa chini ya migomba, miti mirefu juu ya vyote, na mifongo inayoshusha maji kutoka msituni. Kwenu ni mpunga uliopandishwa mlimani kwa kuta za mawe na udongo. Nilipopata nafasi ya kuja kusoma kilimo katika mji wa Los Baños, Ufilipino, nilijiwekea nadhiri kwamba sitarudi nyumbani kabla ya kuwaona wenzetu hao. Nikapanda basi la usiku kutoka Manila hadi Banaue, asubuhi nikabanana na abiria wengine kwenye jipni, gari la abiria la kule, mpaka Hapao, ndani ya Hungduan.

Naomba nianze na ukuta mmoja.

Bibi aliyenipokea alinipeleka kwenye jaruba lake siku ya pili. Tulipita juu ya kingo, upana wa nyayo mbili tu, mkono wa kulia maji, mkono wa kushoto hewa. Yeye alitembea kama mtu anayevuka sebule yake, mimi nilikuwa nachutama kila baada ya hatua kumi. Tulipofika akaniwekea kiganja changu juu ya mawe ya ukuta. Kuta za Hapao ni za mawe, zimepangwa bila tone la saruji, jiwe linamkalia mwenzake. Pale aliponiwekea mkono mawe yalikuwa yametoka nje kidogo, yamevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Akaniambia hiyo ndiyo dalili. Nyungunyungu wametoboa kingo, maji yanapita ndani kwa ndani, udongo unalainika nyuma ya mawe. Mvua ya kimbunga kimoja ikitua hapo, ukuta unafunguka, na hauanguki peke yake. Tope na mawe na maji hulisukuma jaruba la chini, nalo la chini yake.

Hatua chache mbele akanionyesha pengo lililokwisha kufunguka misimu miwili nyuma. Matete yalikuwa yameota humo. Nikamuuliza kwa nini halijajengwa. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Waheshimiwa, nyote mnaijua ubbu. Kwa msomaji wa kwetu niseme kwamba ni kazi ya kupokezana: leo watu kumi wanakuja kwangu, kesho nami nakwenda kwa kila mmoja wao, siku kwa siku. Kilimanjaro tunao msaragambo, ambao huitwa kwa kazi ya wote kama mfongo au njia. Ubbu inaingia hadi ndani ya shamba la mtu mmoja. Kuta za Ifugao zilijengwa hivyo na zimesimama hivyo. Lakini ubbu ni deni, na deni hulipwa kwa siku za mtu mwenye nguvu. Bibi yule ni mjane. Watoto wake wawili wako mjini Baguio, mmoja yuko ng'ambo. Akiwaita watu kumi waje wamnyanyulie mawe, atawalipa siku zao kwa mgongo wa nani? Majirani wangekuja bure, alisema, na waliwahi kuja. Ila kuna mahali mtu mzima huona haya kuendelea kuita.

Njia iliyobaki ni kuwalipa watu ujira. Hapo ndipo hesabu inapogoma. Mpunga wa pale ni tinawon, na jina lenyewe linasema ni wa mara moja kwa mwaka. Mbegu huatikwa mwaka unapokwisha, miche hupandikizwa mwanzoni mwa mwaka mpya, mavuno ni kati ya Juni na Agosti. Wanawake huukata kwa kisu kidogo, suke kwa suke, wakafunga miganda. Ni mchele mtamu sana, una harufu yake, na tangu miaka ya 2000 umewahi kuuzwa hadi Marekani. Lakini jaruba moja dogo la mlimani linatoa chakula cha nyumba, kikibaki ni kidogo. Ukiuza chote bado hakifikii ujira wa kurudisha ukuta uliokwenda. Kwa hiyo ukuta unabaki chini, maji yanapotea, na jaruba la jirani linaanza kukauka. Jirani naye anafanya hesabu ileile.

Hivyo ndivyo majaruba yanavyokufa. Nimesoma taarifa nyingi zinazosema vijana wameacha mila. Pale Hapao sikuona mila iliyoachwa. Niliona deni la siku za kazi lisilo na mtu wa kulilipa.

Nasema haya nikijua ukubwa wa kitu chenyewe. Ninyi ndio mlioiomba dunia ikitambue, na mwaka 1995 UNESCO ikaandika makundi matano ya majaruba katika Urithi wa Dunia: Batad na Bangaan yaliyoko Banaue, Mayoyao, Nagacadan kule Kiangan, na haya ya Hungduan ambayo ukiyatazama kutoka juu yametanda kama utando wa buibui. (Yale yanayoonekana kutoka kituo cha kupigia picha pale Banaue mjini, ambayo wageni wengi hudhani ndiyo yenyewe, hayamo kwenye orodha.) Mwaka 2001, kwa ombi la Ufilipino yenyewe, yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wakati huo ilikadiriwa kwamba robo yake au zaidi yalikuwa yametelekezwa. Kazi kubwa ikafanyika, kuta zikainuliwa, na mwaka 2012 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Nawapongeza kwa dhati, maana si nchi nyingi zinazokubali kusema hadharani kwamba urithi wao unaugua.

Swali langu ni la baada ya 2012. Ukuta ulioinuliwa kwa fedha za mradi hushikwa na nani mradi ukifungwa?

Kuna mjadala kuhusu umri wa majaruba haya, na nimeona unawagusa watu wa pale hadi moyoni. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilifuata makadirio ya Otley Beyer, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, ya miaka 2000 hadi 3000. Kisha mwanaakiolojia Mfilipino Stephen Acabado, aliyechimba na wenyeji katika Kijiji cha Kale cha Kiyyangan, akaleta vipimo vinavyoonyesha kwamba kilimo cha mpunga wa majini mlimani kilishamiri yapata miaka 400 tu iliyopita, na kabla yake watu walilima zaidi magimbi. Kwa maelezo yake, Wahispania walipolisogelea bonde la Magat, watu walipanda juu, wakajenga, wakajipanga upya, wakakataa kutawaliwa. Wapo waliosononeka, kana kwamba wamenyang'anywa miaka yao. Mimi niliposikia, heshima yangu iliongezeka. Kazi ambayo tulidhani ilichukua maelfu ya miaka ilifanywa na vizazi vichache vya watu waliokuwa wakifukuzwa. Dola ya Hispania ilikaa Ufilipino zaidi ya miaka 300 na haikuweza kuiweka Ifugao mfukoni. Walioizuia walikuwa na mikuki, lakini pia walikuwa na chakula chao wenyewe huko juu. Ukuta wa jaruba ulikuwa ngome.

Baadaye walikuja Wamarekani na shule zao, na mwalimu mmoja wao aliyeishi Kiangan, Roy Franklin Barton, mwaka 1919 akachapisha maelezo ya sheria za Waifugao. Nataja moja tu kwa sababu bado inafanya kazi: mashamba makubwa hurithiwa na mtoto wa kwanza, awe wa kiume au wa kike, ili jaruba lisikatwe vipandevipande. Ni busara kwa ardhi. Lakini maana yake ni kwamba wadogo zake wamekuwa wakitafuta riziki kwingine tangu zamani. Kijana anayepanda basi kwenda Baguio leo si msaliti. Kilichobadilika ni kwamba sasa hata yule wa kwanza, mrithi mwenyewe, anapanda basi hilohilo.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipita pale pia. Mwaka 1945 jeshi la Jenerali Yamashita wa Japani lilijichimbia katika milima hiyohiyo, likala lililokuwapo, mabomu yakaanguka, na tarehe 2 Septemba jenerali akajisalimisha Kiangan. Alinyongwa Los Baños mwezi Februari 1946, mji uleule niliosomea. Wageni huonyeshwa mnara wa kumbukumbu ya kujisalimisha kwake. Sikuonyeshwa mnara wa watu waliorudi kwenye majaruba wakakuta mashimo, wakayafukia kwa mikono na kupanda tena. Labda jaruba lenyewe ndilo mnara wao.

Na amani ilipokuja ikaja na karatasi. Sheria ya misitu ya 1975 ilisema ardhi ya umma yenye mteremko wa asilimia 18 na zaidi ihesabiwe kuwa ya msitu na isimilikishwe mtu. Ifugao yote imesimama wima! Ilibidi kusubiri hadi sheria ya 1997 ya haki za watu wa asili ndipo njia ya kuandikisha ardhi ya mababu ikafunguka. Nalitaja kwa sababu ya muyong.

Muyong ni msitu wa ukoo ulio juu ya majaruba, na bila msitu huo hakuna maji. Kila familia inaupogoa, inaupanda, inachukua kuni na mbao za nyumba, na inaurithisha. Sisi wa Kilimanjaro tunalielewa hili bila kufundishwa. Mfongo ukikauka hatuanzi kutazama mfongo, tunainua macho kwenda msituni. Kule milima ya jirani misitu imefyekwa kupandwa kabichi, kwa sababu kabichi inalipa mara kadhaa kwa mwaka. Miti mingine imekwenda kwenye vinyago vya kuuzia wageni. Siwalaumu wachongaji, nimekaa nao, ni mafundi hasa, na ada ya shule haingoji mavuno ya Julai. Lakini mwenye kulinda muyong wake asipate usumbufu wa ofisini kuliko mwenye kuufyeka. Kijana anayetaka kukata mti mmoja aliopanda babu yake akarekebishe ghala, msimzungushe. Akizungushwa mara tatu, mara ya nne hataupanda mti mwingine.

Sasa niseme ninachoomba, nacho ni kitu kimoja zaidi ya vyote: lipieni siku za ukuta.

Simaanishi mradi mwingine wa miaka mitatu wenye bango na kandarasi kutoka mjini. Nimeona mahali saruji ilipotumika, na wazee walinionyesha kwamba ukuta wa saruji hauvuji, kwa hiyo haupumui, maji yanajikusanya nyuma yake hadi unapasuka wote. Mafundi wa ukuta wako palepale. Namaanisha fungu la kila mwaka, dogo lakini lisilokatika, litakalokwenda moja kwa moja kwa vikundi vya ubbu. Mjane akiita watu kumi, siku zao zilipwe na fungu hilo, kwa kiwango ambacho kijana akikipima na kibarua cha Baguio hatacheka. Wenye mashamba wenyewe wakae baada ya mavuno, wapite kingo kwa kingo, wakubaliane ukuta upi uanze. Wanajua. Bibi yule aliyenipokea alinitajia kuta zote zilizovimba kutoka kwake hadi mtoni kama mtu anayetaja wajukuu. Na fedha zifike kabla ya miche kupandikizwa. Zikifika Mei zitakuta maji yamejaa na mpunga umesimama, hakuna wa kugusa ukuta.

Mtauliza zitoke wapi. Mgeni wa Hapao huandikishwa na hulipa ada. Nililipa, na nililipa kwa furaha. Ninyi viongozi wa Hungduan, bandikeni katika kila barangay, ambayo kwetu tungeiita kijiji au mtaa, kiasi kilichoingia na ukuta uliojengwa kwa kiasi hicho. Serikali kuu nayo ina deni lake. Picha ya majaruba ya Ifugao ilikuwa nyuma ya noti ya peso 1000, na tangu 2010 ikawekwa nyuma ya noti ya peso 20. Nchi iliyotembea na sura ya shamba la mtu mfukoni kwa miaka yote hiyo inaweza kumlipia siku kumi za mawe. Mwaka 2019 mlifungua mlango wa mchele wa nje kwa sheria, mkasema ushuru utakaotozwa utamrudia mkulima wa ndani kwa mashine na mbegu. Mashine haipandi Hapao, na mbegu ya tinawon haihitaji kuletwa kutoka popote. Mkulima huyu naye afikiriwe, kwa kitu kinachomfaa.

Kwenu UNESCO na FAO ombi ni fupi. Mnapodai taarifa, mnauliza hali ya kuta, maji, misitu na ujenzi holela. Ongezeni swali la wangapi walioingia shambani msimu huu, wana umri gani, na wamelipwaje siku zao. Mliuandika wimbo wa hudhud katika orodha ya urithi usioshikika. Jina lake linamkumbusha msomaji wetu ndege wa Nabii Suleiman, ingawa hapa ni utenzi mrefu ambao wanawake huuimba wakivuna na wakikesha msibani, tenzi zaidi ya 200. Mmoja hutangulia, wengine humdaka. Niliusikia jioni moja, sauti nne tu, zote za watu wazima. Wakati wa kuuimba ni mavuno. Mahali pasipo na wavunaji hudhud itabaki kwenye kanda.

Niliondoka Hapao mwezi Agosti, siku chache baada ya punnuk. Huo ni mchezo na ni ibada, nao uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2015. Mavuno yanapokwisha, watu wa Hapao, Baang na Nungulunan hushuka kwa mstari juu ya kingo, wanaume kwa wanawake wakiwa na mavazi yao mekundu, wanapiga kelele za furaha, pombe ya mchele imepita mikononi. Wanakutana mtoni. Pande mbili zinasimama ndani ya maji yaendayo kasi na kuvutana kwa vijiti vyenye kulabu vilivyonasa kwenye kitu kilichosukwa kwa mabua ya mpunga, mfano wa mtu. Mkondo unawayumbisha, mawe yanateleza, watu wanaanguka na kuinuka wakicheka. Pembeni yangu alisimama kijana aliyekuja likizo kutoka Baguio, ameshika simu, anapiga picha. Upande wa kijiji chake ulipoanza kuburutwa alinisukumia simu mkononi, akavua viatu, akaingia mtoni na suruali yake ya mjini.

Alipotoka, ameloa hadi kifuani, anahema, nilimuuliza kama angerudi kukaa. Akatazama juu kule kwenye mapengo ya matete, akaniuliza swali ambalo nimelibeba hadi Uru na sasa nawakabidhi ninyi: nikirudi, nani atalipa siku zangu?

Mbegu za tinawon zitaingia kitaluni mwaka utakapokuwa unakwisha. Kati ya sasa na wakati huo kuna miezi ya kutosha kumjibu.

Kwa heshima zote,

Mwana wa Uru Shimbwe, Moshi, Tanzania